Mita 400

Asubuhi ya mashindano dada yangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta kibarazani kwangu hapa Tanga, amejifunga kanga, anaikagua baiskeli niliyoazima kama mtu anayekagua mbuzi mnadani. Alibonyeza tairi la mbele kwa kidole gumba. Akainyanyua nzima kwa mkono mmoja, akaishusha.

“Hii mbona haina keria?”

“Ya mashindano haiwekwi keria, dada.”

“Sasa utabebea wapi?”

“Sibebi kitu.”

Akanitazama, akaitazama tena baiskeli. “Kilomita 20 zote, hubebi kitu?”

Alikuwa amefika jana yake kwa basi, na kiroba cha unga na kunde za shambani kwake. Anaishi Sindeni, tulikozaliwa: kata ya Wilaya ya Handeni, kwenye barabara itokayo Korogwe kwenda Handeni mjini. Nilikuwa nimeshamweleza kwa simu mara tatu kuhusu triatloni. Unaogelea mita 750 baharini, unatoka unapanda baiskeli kilomita 20, unashuka unakimbia kilomita 5. Saa haisimami hata unapofunga kamba za viatu. Hiyo ndiyo fupi, ya watu wa kawaida wenye kazi zao Jumatatu. Ya Olimpiki ni mara mbili yake. Mara zote tatu dada aliuliza swali lilelile: “Halafu ukifika?”

Ukifika, umefika. Sikuwa na jibu jingine.

Mimi ni mwalimu wa historia, na ugonjwa wa kazi yangu ni kuuliza kila kitu kilianza lini. Triatloni ya kisasa ina tarehe ya kuzaliwa: Jumatano, 25 Septemba 1974, Mission Bay, San Diego, huko California. Jack Johnstone na Don Shanahan, wanachama wa klabu ya riadha ya mji huo, waliitisha mbio za kukimbia, kuendesha baiskeli na kuogelea kwa mkupuo mmoja. Walijitokeza watu 46. Ilikuwa jioni, baada ya kazi, na giza likawakuta wa mwisho wangali majini. Magari yakageuzwa kuelekea baharini ili taa ziwamulikie. Mmoja wa washiriki alikuwa ofisa wa jeshi la majini, John Collins. Februari 1978, yeye na mkewe Judy walianzisha kule Hawaii mbio ndefu inayojulikana leo kama Ironman. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Mwaka 2000, Sydney, mchezo ukaingia Olimpiki.

Niliposoma tarehe hiyo kwa mara ya kwanza, kilichonishika ni mwaka. Mwaka 1974 naufundisha kila muhula kwa sababu nyingine. Februari 2 mwaka huo, kule Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa mbele tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa katikati ya ukame uliolazimisha nchi kununua nafaka nje. Na mwaka huohuo Operesheni Vijiji ilikuwa inawahamisha mamilioni ya watu, baada ya Mwalimu Nyerere kutangaza mwishoni mwa 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri.

Handeni ilikuwa imetangulia katika hilo. Vijiji vya ujamaa vilianza huko tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Michaela von Freyhold alipoandika kitabu chake kuhusu ujamaa, kilichotoka 1979, aliutumia Mkoa wa Tanga kama shamba lake la utafiti. Babu yangu alikuwa akiishi bondeni, karibu na kijito. Alihamia kando ya barabara, ambako shule na zahanati zingeweza kujengwa. Shule ilijengwa kweli, na nisingekuwa mwalimu bila shule ile. Lakini kijito hakikuhama.

Kuogelea

Katika Kiswahili, kuogelea ni mtoto wa kuoga. Sikuwahi kuliona hilo mpaka nilipoanza kujifunza kuogelea nikiwa na miaka 29. Kwetu kuoga kulikuwa na kipimo: makopo matatu, umesimama ndani ya beseni, ili maji yakishakupitia yakamwagiwe mpapai. Mtu aliyeingia mwili mzima ndani ya maji alikuwa ama mtoto mtundu ama mtu aliyepatwa na ajali.

Handeni si jangwa. Mahindi yanastawi, na mwaka wa mvua nzuri watu huuza chakula mpaka mijini. Shida ni kwamba mvua haina ahadi, na vijito vingi hukauka. Mto wa kudumu ni Pangani, unaokusanya maji ya Kilimanjaro na Meru na kupita Korogwe, kaskazini yetu. Tulikua tukiujua mto ule kama mnavyomjua ndugu yenu tajiri wa mjini: jina mnalitaja kila siku, faida hamwioni.

Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mita 400 ni mzunguko mmoja wa uwanja wa riadha. Mtu mzima anazitembea kwa dakika tano. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 likajengwa bomba kubwa la Handeni, ambalo mpaka leo watu wanaliita HTM, kuyavuta maji ya Pangani kutoka upande wa Korogwe. Bomba lile liliokoa wengi. Lakini mabomba huzeeka, pampu huchoka, na watu huongezeka. Mimi nilizaliwa 1991, mwaka wa ahadi. Sera ya Maji ya 2002 ikaandika ahadi upya: lita 25 kwa kila mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita zilezile 400.

Mwaka 2002 nilikuwa darasa la nne na dada yangu darasa la saba. Nyumbani tulikuwa watu saba. Kwa hesabu ya sera tulistahili lita 175, karibu madumu tisa. Tulitumia manne, na kiangazi, lambo la karibu lilipogeuka tope, hata hayo manne yalikula asubuhi nzima.

Kiangazi kile mama alikuwa na ujauzito wa mdogo wetu wa mwisho, na shingo yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Mtu mmoja alipaswa kwenda kuteka maji kila alfajiri. Hakuna aliyeitisha kikao. Mimi nilikuwa mdogo, nilikuwa naongoza darasani, na ndoo ikikaa kichwani mwangu ilimwagika njia nzima. Dada alikuwa na mwendo mzuri. Ndoo ya lita 20 ilitulia kichwani pake kama imeota. Basi alikwenda yeye. Alikosa shule siku nyingi mno. Matokeo ya darasa la saba yalipobandikwa, jina lake halikuwemo. Miaka mitatu baadaye la kwangu lilikuwemo.

Hatujawahi kulizungumza jambo hilo. Nalieleza hapa kwa sababu nilianza kulielewa nikiwa ndani ya maji.

Nilijifunzia Raskazone, nikifundishwa na mwalimu mwenzangu wa kike, mzaliwa wa Pangani aliyekulia baharini. Nilivaa suruali ya kubana na blauzi ya mikono mirefu, nikajiambia yale ya wahenga, kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami sijazivua hata hizo nguo. Somo la kwanza halikuhusu mikono wala miguu. Alitaka nilaze kichwa tu juu ya maji, niangalie mawingu. Nilishindwa wiki mbili.

“Shingo yako ngumu,” aliniambia. “Unakaa kama una ndoo.”

Mimi ndiye niliyebeba kidogo. Niliwaza shingo ya dada ingesema nini.

Raskazone yenyewe ina historia ya watu waliotoka majini wakiwa na hali mbaya. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza waliteremsha hapo wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India, waje kuuteka mji wa Tanga kutoka kwa Wajerumani. Wengi wao walikuwa wamechoshwa na safari ndefu ya melini. Kikosi cha Paul von Lettow-Vorbeck kilikuwa kidogo zaidi mara nyingi, lakini kilikuwa kinaijua nchi. Baada ya siku chache wavamizi walirudi melini wameshindwa, na nyuki wa mizinga iliyovurugwa na risasi nao waliwachangia. Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo haya mawili: unateka mji, unateka maji. Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia kwamba kazi ya pili imechukua watu wengi zaidi.

Siku ya mashindano tulisimama pale watu 31, bahari imejaa, jua limechomoza upande wa kulia. Hayakuwa mashindano makubwa. Waliyaandaa marafiki tu, waogeleaji na waendesha baiskeli wa mjini, na wageni wachache kutoka Dar es Salaam na Mombasa. Ngalawa mbili za wavuvi zilikuwa zinatulinda. Filimbi ilipolia niliwaacha wenzangu watangulie, kisha nikaingia.

Mpaka boya la kwanza nilikuwa sawa. Karibu na la pili, kama mita 400 kutoka tulipoanzia, wimbi dogo lilinijaza chumvi mdomoni nikapaliwa. Nikanyanyua kichwa. Ukinyanyua kichwa miguu inazama, na miguu ikizama unaanza kupigana na maji. Nilifikiri juu ya MV Bukoba, Mei 1996, na MV Nyerere, Septemba 2018, na vyombo vyote ambavyo nchi yetu yenye maziwa na bahari imevipoteza pamoja na watu ambao hawakuwahi kufundishwa hata kulala juu ya maji. Nikashika ubavu wa ngalawa. Kanuni zinaruhusu kushika mradi hukokotwi.

Mvuvi, mzee mwenye kofia ya ukili, hakusimama wala hakunipa mkono. “Mwalimu,” akasema taratibu, “mbona unayabeba? Lala. Yatakubeba yenyewe.”

Nikalaza kichwa. Masikio yakaingia majini, kelele zote zikazima. Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Saa yangu inasema ni chini ya dakika moja. Kisha nikageuka, nikaendelea.

Nilitoka majini baada ya dakika 25. Dada alikuwa amesimama pale mawimbi yanapofia, maji yakimfika vifundoni, ameshika taulo langu kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kupokea mtoto.

Kuendesha

Njia ya baiskeli ilitoka Raskazone, ikapita mjini, ikaelekea kaskazini barabara ya Horohoro hadi karibu na Amboni, kisha ikarudi. Baiskeli ni nyepesi, magurudumu membamba, gia zinabadilika kwa kidole. Sikuizoea. Baiskeli niliyojifunzia ilikuwa Phoenix ya baba, iliyotengenezwa Shanghai, nzito kama mlango. Nilikuwa mfupi kwa kiti chake, kwa hiyo niliendesha kama watoto wote wa vijijini: nimepitisha mguu chini ya bomba la katikati, mwili umening’inia upande mmoja, kichwa hakifiki hata usukani. Nilijifunza kwa siri. Baiskeli ilikuwa ya baba na kaka. Ndoo ilikuwa yetu.

Nikipita pembeni mwa mji nikafikiria kwa nini kwetu mzigo ulikuwa wa kichwani kwa muda mrefu hivyo. Jibu moja ni mdudu. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha 1992 kuhusu mazingira ya kaskazini mashariki mwa Tanzania kati ya 1840 na 1940, anaieleza Uzigua ambayo zamani ilikuwa na ng’ombe na iliuza nafaka pwani. Wakulima walifyeka na kuchoma pori kwa mpangilio, na viongozi wenye akiba waliwashika watu wao wakati wa njaa ili wasitawanyike. Katika miaka ya 1890 mambo yaligongana: sotoka ikaua mifugo, nzige wakala mashamba, mvua ikakata, na utawala wa Wajerumani ukavuruga biashara na mamlaka yaliyokuwa yakiwashikilia watu pamoja. Watu wakatawanyika, pori likarudi, na pori liliporudi mbung’o wakarudi nalo. Penye mbung’o ng’ombe hafi mara moja tu; anakufa kila unapojaribu kumfuga tena. Huna ng’ombe, huna punda, huna mkokoteni. Una kichwa.

Kwa hiyo ilipokuja Vita Kuu ya Kwanza, vichwa ndivyo vilivyoibeba. Waingereza waliingia Handeni Juni 1916, na pande zote mbili zilichukua wanaume kuwa wapagazi na chakula kuwa posho. Baada ya majeshi kupita, njaa ilibaki.

Upande wa Korogwe kulikuwa na njia nyingine ya kusafiri. Reli ilianza kujengwa Tanga 1893 na ikafika Korogwe 1902. Mwaka huo wa 1893 ndipo Richard Hindorf alipoleta miche ya mkonge: kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida, ilipona 62 tu, na kutoka hiyo 62 Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Reli ilibeba mkonge. Manamba walioukata walikuja kutoka mbali kwa mikataba, kila mmoja na namba yake. Na mmoja wa mifano ya kwanza ya fedha kuwa kitu cha kushikika, kwa mfanyakazi wa mshahara, ilikuwa baiskeli mpya.

Nadhani historia haijaipa baiskeli heshima yake. Kwetu ilikuwa mnyama wa kwanza wa mizigo ambaye mbung’o hakuweza kumuua. Keria moja, kamba za mpira, madumu manne: mawili juu, mawili ubavuni. Lita moja ni kilo moja, basi hizo ni kilo 80, uzito wa mtu mzima, zinasukumwa kwenye mchanga na kwenye kupanda. Kaka zetu walipoanza kuteka maji kwa baiskeli, safari nne zikawa moja, na maji yakawa kazi ya kuuza. Maji yaliyobebwa na msichana yalikuwa bure. Maji yaliyobebwa na baiskeli yalikuwa na bei.

Nikiwa kwenye mlima mdogo wa kurudi kutoka Amboni, mtu mmoja mwenye Phoenix alinikaribia. Keria yake ilikuwa na gunia mbili za nazi. Alikuwa amevaa kandambili.

“Mnakwenda wapi wote hao?” akaniuliza bila kuhema.

“Tunarudi tulikotoka.”

Akatafakari. “Basi pole,” akasema. Tulikwenda sambamba mpaka kileleni, yeye akasimama kukanyaga pedali, mimi nikabadilisha gia mara tatu. Kwenye mteremko nilimwacha kwa sababu yeye alikuwa na mzigo wa kulinda.

Kukimbia

Ukishuka baiskeli miguu si yako. Wenyewe wanasema inapita baada ya kilomita moja. Kwangu haikupita. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi, jua la Tanga limeshakaza, na nilikuwa naona migongo ya watu watatu tu barabara nzima.

Kukimbia ni neno lenye nyuso mbili. Mwanariadha anakimbia, mkimbizi naye anakimbia. Lugha haikuona haja ya kuwatenganisha, na kwa Uzigua haikukosea.

Miaka ya 1830 ukame mkali ulileta njaa kwetu. Watu waliteremka pwani kutafuta chakula, na wengi wakaishia utumwani. Wakapakiwa majahazini hadi pwani ya Benadir, Somalia ya leo, kulimishwa mashamba ya watu. Masimulizi ya wazee yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, aliyewaongoza kutoroka wakidhamiria kurudi Uzigua kwa miguu. Hawakufika. Walisimama katika bonde la Mto Juba, penye maji na udongo mzuri, wakalima, wakakitunza Kizigua chao kwa zaidi ya miaka 150. Vita vilipoichana Somalia mwaka 1991, vitukuu vyao vilikimbia tena. Baadhi walifika Tanzania, wakawekwa Mkuyu na baadaye Chogo, wilayani Handeni, na Serikali ikawapa wengi wao uraia. Maelfu ya wengine walipelekwa Marekani kuanzia 2003. Mzigua wa Handeni na Mzigua wa Juba wakikaa jamvi moja wanaelewana. Katika historia yote ya mbio ninayoijua, sijaona mbio ndefu kuliko hiyo: vizazi vitano au sita, na mstari wa kumalizia ni mahali uliponunuliwa.

Siwafananishi na mimi. Mimi nilikuwa nakimbia kilomita 5 kwa hiari, nimelipia kiingilio, na namba imebandikwa kifuani. Lakini ndilo hasa lililokuwa likinisumbua njia nzima. Babu wa babu yangu alikimbia njaa, babu alihama kwa amri, dada alitembea kwa ndoo. Mimi ni wa kwanza katika ukoo wetu kutoka jasho kwa jambo lisilo na sababu. Sikujua kama hiyo ni heshima au ni dharau.

Karibu na kilomita ya tatu vijana wa bodaboda waliokuwa wamekaa kijiweni walianza kupiga makofi. “Akhwari! Akhwari!” Kila Mtanzania anayekimbia nyuma ya wenzake anaitwa hivyo angalau mara moja. John Stephen Akhwari aliingia uwanjani Mexico City jioni ya 20 Oktoba 1968 na goti limefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Walianza 75, wakamaliza 57, naye alikuwa wa 57. Tumezoea kuisimulia kama hadithi ya moyo wa mtu mmoja. Mimi sasa naiona pia kama hadithi ya waliobaki uwanjani kumsubiri. Niliwapungia mkono wale vijana, nikajaribu kunyoosha mgongo.

Njiani kulikuwa na meza mbili za maji. Nilifanya kama wenzangu wa mbele walivyofanya: unachukua chupa, unakunywa mafunda mawili, unajimwagia kidogo kichwani, unaitupa iliyobaki. Ya kwanza niliitupa. Pembeni mwa barabara zilikuwa zimelala chupa nyingi zilizofunguliwa, maji yakimeremeta ndani yake, nusu, robo tatu. Ya pili nilishindwa kuitupa. Niliishika mkononi mpaka mwisho.

Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 58, wa 27 kati ya 29 waliofika. Mtu akanivisha utepe. Nikaangaza macho kumtafuta dada. Hakuwa pale walipokuwa watazamaji. Alikuwa upande wa pili, karibu na meza ya maji ya mwisho, amechuchumaa mbele ya ndoo ya plastiki, na pembeni yake kuna lundo la chupa tupu. Alikuwa akiokota chupa zilizotupwa, anamimina kilichobaki ndani ya ndoo, anakung’uta tone la mwisho, anaweka chupa kando. Ndoo ilikuwa imejaa hadi shingoni.

“Hayajaguswa haya,” akaniambia kabla sijasema lolote. “Mtu anakunywa kidogo tu anatupa. Maji safi kabisa.”

Nikampa chupa yangu. Akamimina.

Shuleni tunafundisha kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na tunaieleza kuwa ni methali ya majuto. Dada anaijua kama maelekezo ya kazi: zoa kabla hayajamwagika. Nilitaka kumwambia habari ya mwaka 2002. Nilikuwa nimeiandaa sentensi yenyewe tangu kwenye boya la pili. Ilipofika mdomoni ikawa: “Ndoo umeitoa wapi?”

“Ya yule mama muuza mihogo, kule kwenye miembe. Nimemwambia nitairudisha na maji. Anasema kwao bomba halijatoka tangu juzi.”

Siku hizi Sindeni si kama zamani. Mwaka 2022 ilisainiwa mikataba ya mradi wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa India, na Handeni na Korogwe zimo. Watu wanachimba mitaro, wanalaza mabomba mapya, na binti wa dada, aliye darasa la sita, hajakosa shule hata siku moja kwa ajili ya ndoo. Dada aliniambia hivyo tukiwa tumesimama pale, kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Kisha akakunja kanga yake moja, akaizungusha mkononi ikawa ngata, akainama.

“Tuiweke kwenye baiskeli,” nikasema.

“Haina keria.”

Tukacheka mpaka watu wakageuka.

“Basi nipe mimi.”

Alinitazama kuanzia miguu iliyojaa mchanga hadi nywele zilizokauka chumvi. Nilidhani atakataa. Akaniwekea ngata kichwani, akairekebisha kwa vidole viwili kama alivyokuwa akinirekebishia utotoni, akanitwisha. Shingo yangu ikajifunga yenyewe, ikakumbuka. Yeye akashika usukani wa baiskeli, akaisukuma pembeni yangu.

Kutoka pale hadi kwenye miembe ni kama mita 400. Niliitua ndoo mara mbili.